Sawa Haitoshi

Mjukuu wangu Wanjiru,

Cucu, bibi yako, anakusalimu. Jana alitoka kliniki Upper Hill, goti lina nafuu.

Unauliza kwa nini mwalimu wako wa urubani anataka urudie kila agizo la mnara wa kuongozea ndege. Nilipokuwa kijana nikifanya kazi mnarani, asubuhi moja yenye mawingu, nilimwelekeza rubani akishapaa ageuke kulia. Akajibu, "Sawa." Nikamwambia arudie. Akanitajia njia aliyozoea, ya kushoto, kwenye milima ya Ngong, ambayo siku hiyo ilifichwa kabisa na mawingu. Nilimsahihisha, akarudia vizuri, akaenda salama.

Kila Jumapili nakuomba kwa simu uje Krismasi, nawe unajibu, "Sawa, Guka." Krismasi tatu sasa hujaja. Jumapili hii nitakuomba tena. Tafadhali, rudia.

Babu yako, Guka