Spika ya Kushoto

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo karakanani kwako, wewe, mkeo na wanangu wote wawili. Natumaini vumbi la mbao halijakurudishia kile kikohozi, na kidole ulichokipiga nyundo kimeota kucha mpya. Sisi huku ni wazima, ukiniondoa mimi, na habari zangu zinafuata.

Baada ya salamu, nina heshima kukutangazia rasmi, kwa niaba ya sebule nzima, kwamba kuanzia Jumapili iliyopita kiti changu kimegeuzwa. Naam, kile kile cha mikono mipana ulichokuwa ukikiita kiti cha enzi. Sasa kinatazama ukuta. Waliomo nyumbani wote wamearifiwa. Shemeji yako ameuliza kama na chai awe ananipitishia dirishani. Paka amepinga azimio na kuhamia jikoni.

Usicheke bado. Nina hasira, mdogo wangu. Nina hasira ya mwezi mzima, na nakuomba uniache niitoe kwa mpangilio, maana nikiichanganya nitamtukana mtu asiye na kosa, na hao nimeshawatukana wa kutosha.

Nianze na stereo yako. Ilifika salama kwa lori la mizigo, imefungwa mablanketi kama mgonjwa. Sikukushukuru ipasavyo, kwa sababu utakazoziona. Nilipozitoa zile spika nilizizunguka kama mtu anayenunua farasi. Mbao umezipiga msasa mpaka zinateleza, na kona umezichonga zikaumana zenyewe bila msumari hata mmoja. Nikajisemea, huyu ametoka kiwanda cha misumari miaka kumi na moja iliyopita na bado hataki kuuona msumari. Nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka.

Kijitabu cha maelekezo kilikuwa na lugha saba, na niliyoielewa ilikuwa ile ya michoro. Kuna bwana mmoja humo anatabasamu huku ameshika nyaya. Huyo bwana nimemchukia. Waya mwekundu kwenye tundu jekundu, mweusi kwenye jeusi, hilo nililiweza. Amplifaya nikaiweka juu ya kabati la vyombo, spika moja pembe hii, nyingine pembe ile, na kiti changu katikati kama ulivyoelekeza kwenye kile kikaratasi, kwamba nipime kwa kamba, umbali uwe sawa pande zote tatu. Uliandika pia kwamba spika zote mbili umezijaribu kwa kiganja cha mkono. Hapo nilimwita shemeji yako aje asome. Nikamwambia seremala wetu anapima muziki kama anayepima mtoto homa.

Nikakaa, nikabonyeza rimoti. Muziki ukaja wote kutoka kulia. Kushoto, kimya.

Nikainuka nikaiendea ile ya kushoto, nikainama nikaitegea sikio. Inaimba! Nikarudi kitini. Kimya. Nikaiendea tena. Inaimba. Mdogo wangu, sijawahi kudharauliwa na samani namna ile. Nilibadilisha spika, ya kulia nikaipeleka kushoto. Ile iliyokuwa nzima ikafa, iliyokuwa imekufa ikafufuka. Basi nikasema tatizo ni waya. Nikanunua waya mpya. Kimya. Nikasema ni tundu la amplifaya. Nikayabadilisha matundu. Kimya. Mwisho nikaanza kuushuku ukuta, kwamba una unyevu unaonyonya sauti. Wewe unanijua. Kule kiwandani wananiita Kamusi kwa sababu sina jambo nisilolijua.

Mwanao mkubwa wa huku kwangu aliporudi kutoka shuleni alikaa kitini pangu, akasikiliza, akasema baba, zote zinalia. Nikamwambia ana masikio ya mama yake. Shemeji yako naye akakaa, akasema zote zinalia, tena vizuri. Nikawaambia wamekula njama. Shemeji yako akajibu kwamba angekuwa na muda wa kula njama angeanza na mambo makubwa zaidi, kama suruali yangu ya kijani.

Ndipo nikamwita fundi wa redio wa pale kona, huyu mwembamba tunayemwita Waya. Alikuja mara tatu. Kila mara alifungua, akapima kwa kile kidude chake chenye mshale, akafunga, akasema stereo haina ugonjwa. Mara ya tatu nilisimama mlangoni nikapaza sauti, majirani wakatoka. Nikamwita mwizi. Nikasema ameng'oa kifaa kizima ndani ya spika ya mdogo wangu na kuweka takataka. Fundi alikusanya bisibisi zake moja moja akaziweka mfukoni. Akasema kwa upole kwamba katika kazi yake ameona redio nyingi zilizokufa, lakini hajawahi kuona redio inayokufa mtu akikaa na kufufuka mtu akisimama. Majirani wakaangua kicheko. Mimi nikafunga mlango kwa nguvu hadi kioo kikapata ufa.

Siku ile ile nikakuandikia ile barua. Hakuna haja ya kuirudia. Nakumbuka nilisema umenitumia nusu ya stereo kwa makusudi, kwamba wewe kazi ya nusu ndiyo desturi yako, na kwamba mtu aliyewahi kujifanya kiziwi ili akwepe zamu hawezi kushindwa kujifanya fundi wa spika. Niliibandika stempu kwa ngumi.

Hukujibu. Kimya chako kikanikasirisha kuliko kile cha spika.

Sasa nifike Jumapili. Nilikuwa nimesusa. Walikuwa wameweka muziki, shemeji yako na mwanao, wanautikisia vichwa, na mimi nikaona kheri niwape mgongo. Nikakigeuza kiti kizima, nikakaa nikiutazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Na hapo hapo, mdogo wangu, spika ya kushoto ikafufuka! Ikaimba kama haijawahi kuugua. Ile ya kulia ndiyo ikafa.

Kisha nikainua kiganja, polepole, nikaliziba sikio langu la kulia. Nyumba nzima ikazimwa. Muziki, maji ya jikoni, mwanao aliyekuwa akiongea, vyote. Kilichobaki ni mlio mwembamba kama wa mbu. Nikaondoa kiganja, dunia ikarudi. Nikaziba, ikaondoka. Nilifanya hivyo hadi shemeji yako akaja kuniuliza nampungia nani mkono.

Mambo mengine yote yakaja mbio kama wadai. Jinsi wanavyoniita jina barabarani nami nikageukia upande asiko mtu. Jinsi ninavyolalia ubavu wa kulia na kujisifu kwamba mimi mbwa wa jirani hawanisumbui, nina usingizi wa mwenye moyo safi. Usingizi wa mwenye moyo safi! Na usiniletee ule usemi wa sikio la kufa. Nilipokwenda kumwomba fundi radhi, mbele ya majirani wale wale, ameshanitolea huo. Akaongeza kwamba alijua tangu safari ya pili, kwa vile kila alipozungumza nilikuwa nikimgeuzia shavu lile lile, ila mtu mwenye hasira haambiwi habari za sikio lake. Nikamkasirikia upya. Halafu nikamlipia soda.

Daktari nilimwona Jumanne. Nilikwenda nikiomba iwe nta. Alimulika, akapima kwa mashine yake, akasema hakuna nta, ni mshipa wa ndani, umekufa kidogo kidogo kwa miaka mingi, na uliokufa hivyo haurudi. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia kiwanda cha misumari. Akaniuliza mashine ilikuwa upande gani wangu. Hakuuliza kwa kukazia, alikuwa anaandika tu, lakini mimi nilishindwa kumjibu, na shemeji yako akadhani hata swali sikulisikia.

Nililisikia. Mashine namba nne, mdogo wangu. Nyundo katikati. Mimi nimesimama upande wa dirisha, sikio la kushoto likiielekea. Wewe upande wa mlango, sikio la kulia.

Sasa ndiyo hasira yenyewe. Zile za mwanzo zilikuwa za kupasha koo.

Nimekikasirikia kiwanda kilichotupa glavu za kulinda ngozi ya mikono na kikatuambia pamba ya masikio ni ya wanawake. Nimemkasirikia meneja wetu wa enzi zile, ingawa siku hizi analala chini ya udongo na hasira yangu haimfikii. Nimekukasirikia na wewe, tena sana. Umekaa kule miaka yote unajua nilichokufanyia, na badala ya kunijia na rungu ukanichongea spika. Ungenitukana ningekuwa na la kujibu. Mtu anajibu nini akitumiwa mbao zilizopigwa msasa hivi? Halafu kile kiganja. Ulizijaribu kwa kiganja kwa sababu sikio la kulia halikuweza kukuambia, nami nikaita watu waje wacheke.

Lakini nazunguka. Hayo yote ni njia ya kutokwenda ninakokwenda. Nitakueleza kilichotokea siku ile kwenye stoo, kama kilivyotokea, maana tuliokuwepo ni wewe na mimi tu, na wewe ulikuwa umenipa mgongo.

Ulikuwa umelalamika kwamba sikio la kulia limekufa. Mimi ndiye niliyekubatiza jina la Kiziwi wa Zamu, na kiwanda kizima kikalipokea, kwa sababu nilikuwa mcheshi na watu wanapenda kucheka kazini. Meneja akaniita. Usimamizi nilikuwa naushikilia kwa muda tu, bado haujawa wangu. Akasema nikupime mwenyewe, na kwamba lingekuwa jambo zito sana kwa kila mtu kama ingeonekana mashine zinaua masikio. Akanipa karatasi yenye mistari miwili. Hakuniambia niandike nini. Hilo nimelitumia kujitetea kwa miaka kumi na moja, kwamba hakuniambia.

Nilikukalisha juu ya kreti, uso ukutani. Ndiyo, ukutani. Nikadondosha funguo upande wako wa kushoto. Ukageuka kushoto. Nikaziokota, nikaenda upande wa kulia, nikazidondosha tena, karibu kabisa, hatua mbili tu. Ukageuka kushoto. Ukatazama sakafu upande ule, ukawa unazitafuta funguo mahali ambapo hazikuwepo. Ukazitafuta kwa muda. Mimi nikiwa nimesimama nyuma yako nakuona, na funguo ziko mguuni pangu.

Karatasi iliuliza kama mhusika aligeuka aliposikia sauti. Mstari wa kwanza nikaandika: Aligeuka. Mstari wa pili nikaandika: Aligeuka. Uligeuka upande gani, karatasi haikuuliza, nami sikuiambia. Nikatia sahihi. Wiki ile wewe ukaandikiwa barua ya kuachishwa kazi kwa kujifanya mgonjwa, mimi nikaandikiwa ya usimamizi. Mama alipouliza, nilimwambia nimekupima kwa mikono yangu. Aliondoka duniani akiamini amezaa mvivu mmoja, na hakujua kwamba wa kumlilia nilikuwa mimi.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Jana nimeyaandika hivi hivi, bila mzaha, nikayapeleka ofisini. Meneja mpya akasema ni mambo ya zamani, niyaache, nibaki nasubiri kustaafu kwa amani. Nikaiacha karatasi mezani kwake, na nyingine nikaibandika ubaoni, pale kengele ya zamu inapogongwa, ambapo kila mtu husimama. Yule msichana anayesimama mashine namba nne siku hizi aliisoma mpaka mwisho. Ana pamba masikioni. Mwezi uliopita nilimtania kwa sababu ya pamba hiyo. Leo asubuhi nimeambiwa nikae nyumbani mpaka niitwe, basi niko nyumbani, na barua hii ndiyo kazi yangu ya kwanza.

Sikuombi unisamehe kwa posta. Shemeji yako anakusalimu na anasema suruali ya kijani imechomwa. Mwanao anauliza lini atakuona. Nisalimie nyumba yako yote, na wale wanangu uwaambie baba yao mkubwa alikosea, uwaambie na alikosea nini.

Ukiamua kuja, nitakigeuza kiti kitazame mbele na kuweka kingine kando yake. Wewe utaisikia ya kushoto, mimi ya kulia, na pale tutakapopotea tutaulizana. Usipokuja, kitabaki kinatazama ukuta.

Ni mimi kaka yako,
niliyekuwa nimesimama nyuma yako na funguo.