Kitenzi Kilichosimamisha Injini

Merrylands, Sydney
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu Kasiani,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa bado umenikasirikia, kwa sababu mgonjwa hana nguvu za kukasirika, nami nakuombea afya. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Shemeji amepona kikohozi? Sisi huku ni wazima. Mwanangu Veronika anakwenda zamu zake za uuguzi hospitali ya Westmead na kurudi akiwa amechoka lakini mzima. Mjukuu wetu Lulu ameongezeka kimo. Namsemesha kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, namwambia arudie, anarudia. Ndivyo tunavyoishi.

Ujumbe wako wa sauti niliusikia. Lulu ndiye aliyeufungua, tukiwa mezani, na sote tukakusikia ukisema: "Kaka, umemnyima mwanangu safari kwa sababu ya kitenzi?" Kisha ukakata. Sikukupigia, kwa kuwa simu inakatakata maneno, na jambo hili linahitaji maneno mazima. Barua hii ataileta mkononi mwako Mhandisi Mbaruku, kiongozi wa msafara wetu, ambaye anarudi nyumbani keshokutwa. Isome yote kabla hujasema neno. Habari ninayokuletea ni njema, Kasiani, njema mno, na nimelazimika kuinakili mara mbili kwa sababu furaha ilinikimbiza na hati yangu ikaanza kufanana na yako.

Ni kweli kwamba mimi ndiye niliyesimamisha utiaji saini wa mkataba ule. Ni kweli pia kwamba nilifanya hivyo nikijua kuwa jina la mwanao Sesilia limo katika orodha ya mafundi ishirini. Sitaki udhani kwamba sikuliona. Lilikuwa ukurasa wa mwisho, mstari wa kumi na tatu, nami nililisoma kwa kidole.

Wewe uliyetumikia karakana ya ndege za jeshi huhitaji kuelezwa na mimi kwa nini nchi yetu inautafuta ujuzi huu. Wewe ndiye uliyekuwa ukinieleza. Injini ya ndege ya kivita ikichoka, mliifunga kwenye sanduku, mkaipeleka ng'ambo kwa waliotuuzia, kisha mkangoja mpaka majani yakaota chini ya matairi ya ndege yenyewe. Uliwahi kusema kwamba umestaafu ukiwa fundi wa kupigilia misumari ya masanduku. Tulicheka, lakini nilikuona hukucheka sana. Basi msafara wa Mbaruku ulikuja Sydney kumaliza jambo hilo. Kampuni moja ya huku ilikuwa imekubali kuwafundisha mafundi wetu, na nyumbani kote ilijulikana, wewe ukiwamo, kwamba Sesilia na wenzake wanakuja kujifunza kuunda injini za ndege.

Nilikutana na Mbaruku Liverpool, mtaa wa hukuhuku Sydney, kwenye misa ya Kiswahili aliyowasindikiza wenzake. Sikumtambua. Alikuja mtu mzima mwenye suti na kitambi, akainama mbele yangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mbaruku, Mwalimu. Kidato cha tatu. Ulinipa sifuri kwa sababu ya koma."

"Haikuwa koma," nikamwambia. "Ilikuwa nukta. Na bado ni sifuri."

Alicheka mpaka watu wakageuka. Kisha akanivuta pembeni. Mkataba wao ulikuwa na nakala mbili, ya Kiingereza na ya Kiswahili, na zote mbili zilikuwa na nguvu sawa mbele ya sheria. Ile ya Kiswahili ilikuwa imeandikwa kwa haraka. Aliniomba niipitie kabla ya Jumanne. Siri za kijeshi hazikuwamo, nami nisingezielewa kama zingekuwamo. Nilichoombwa kuangalia ni sarufi tu.

Niliifanya kazi hiyo Jumatatu mchana jikoni. Kasiani, ungeiona nakala ile ungelia. "Mapanga hizo." "Vyuma zile." "Mafunzo itaanza." Niliyakamata makosa arobaini na moja ya upatanisho wa ngeli, na nikiri kwamba nilikuwa nafurahi kila nilipokamata moja. Mapanga yenyewe, kama ujuavyo, ni yale madogo madogo yaliyopangwa kuzunguka gurudumu ndani ya injini, kama ya pangaboi, yakizunguka katikati ya moto. Veronika hakujua. Alipoliona neno hilo aliuliza kama jeshi letu linakwenda kufyeka shamba.

Alikuwa nyumbani siku hiyo, kwa hiyo nikamwomba anisomee nakala ya Kiingereza ili nilinganishe. Yeye anasoma sentensi, mimi naifuata kwa kalamu. Tulikwenda vizuri mpaka kifungu cha saba. Nakala yangu ilisema: "Mafundi watafundishwa kutengeneza injini." Nilikuwa nimekwisha kuipitia sentensi hiyo mara mbili na sikuigusa. Haikuwa na kosa. Kitenzi kilikuwa kimepatana na nomino, nukta ilikuwa mahali pake.

"Hapa wanasema kufungua, kusafisha, kubadilisha vipuri na kufunga," alisema Veronika.

"Hapa ni kutengeneza."

"Si ndiyo hiyohiyo, Baba? Gari likiharibika si linatengenezwa?"

Niliiweka kalamu mezani. Alikuwa sahihi. Waliotafsiri kwenda Kiswahili walikuwa sahihi. Sisi sote nyumbani tuliolisoma neno hilo na kushangilia tulikuwa sahihi pia. Neno ni moja, maana ni mbili, na kila upande ulikuwa umejichukulia ile inayoupendeza. Wao walikuwa wanauza ukarabati, sisi tulikuwa tunanunua uundaji, na Jumanne tungepeana mikono na kupigwa picha.

Veronika alikuwa ameufikia ukurasa wa mwisho. "Baba, Sesilia yumo."

"Nimemwona."

"Wewe umeitwa kusahihisha Kiswahili. Hiki Kiswahili hakina kosa, umesema mwenyewe. Rudisha karatasi zao. Akishafika huku atajifunza atakachojifunza."

Lakini mdogo wangu, nilimfikiria mtoto yule akifika huku na kupewa spana. Miezi sita ya kufungua na kufunga, kisha arudi nyumbani kupigilia misumari kwenye masanduku yaleyale uliyoyapigilia wewe. Na hapo hakuna ambaye angeweza kulalamika, kwa kuwa saini yetu ingekuwa chini ya neno sahihi.

Jumanne asubuhi nilipanda basi mpaka Parramatta, kwenye hoteli waliyofikia. Mbaruku nilimkuta anafunga tai. Nilipomwonyesha kifungu cha saba, alikaa kitandani.

"Mwalimu, nyumbani tumekwisha kutangaza. Ukilitamka hili mbele yao, leo hatutii saini."

"Basi msitie."

"Na wakiondoka mezani kabisa?"

"Watakuwa wameondoka na injini ambayo hawakuwa wameileta."

Alifunga tai yake upya. Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kunitoa chumbani bila kunivunjia heshima. Kisha akasema, "Twende, Mwalimu. Lakini utasema wewe. Mimi nitaulizwa na wakubwa zangu, nami nitasema nilikuwa na mwalimu wangu."

Katika chumba cha mkutano walikuwapo watu wa kampuni watano, na mwanasheria wao, mama mmoja mwenye mvi na miwani kama yangu. Nilizungumza Kiingereza changu cha darasani, polepole. Nikawaeleza kwamba lugha yetu ina kitenzi kimoja kinachofanya kazi mbili. Nikisema mke wangu ametengeneza chai, chai haikuwapo, sasa ipo. Nikisema fundi ametengeneza saa yangu, saa ilikuwapo, imeharibika, sasa inatembea. Kisha nikamgeukia yule mama na kumuuliza kwa adabu: "Injini yenu, mama, ni chai au ni saa?"

Alivua miwani. Namheshimu mama yule mpaka leo, kwa kuwa angeweza kunizungusha na hakunizungusha. Alisema, "Ni saa."

Mmoja wa mafundi wetu wakuu, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, alisema kwa Kiswahili, taratibu kabisa, "Tumekuja mbali hivi kununua saa mbovu?" Mbaruku akafunga jalada lake. Mkutano ukavunjika, na kabla sijafika kituo cha basi habari ilikuwa imekwisha kufika huko kwenu Morogoro kwamba kuna mzee Sydney ameharibu kila kitu. Nyingine unazijua, maana ndiyo siku uliyotuma ujumbe wako.

Tulingoja siku tisa. Sitakudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilisahihisha madaftari ya Lulu ambayo hakuniomba niyasahihishe. Veronika hakunilaumu kwa maneno, lakini chai alinipa bila sukari, na sukari ilikuwapo. Nilikuwa nakusikia wewe kichwani tangu asubuhi. Kila simu ilipolia nilijua ni Mbaruku ananiambia kwamba kampuni imejiondoa.

Siku ya tisa alikuja mwenyewe, na alibisha hodi huku anacheka. Kasiani, wamekubali! Si injini nzima. Usiende kutangaza injini nzima kijiweni kwako, nitakukana. Ujuzi wa injini nzima hawaufundishi watu wengine, na yale mapanga ya mbele yanayokaa ndani ya moto mkali kabisa wamekataa katakata. Mbaruku anasema hakuna nchi inayotoa ujuzi huo, hata kwa rafiki. Lakini mapanga ya nyuma, yale ambayo moto umepungua kidogo, wamekubali kutufundisha toka mwanzo: kuandaa kalibu za kumiminia, kuyeyusha chuma, kumimina, kupima. Ukarabati tutafundishwa pia. Kinachongojwa ni kibali cha serikali yao, ambacho mwanasheria yule anaamini kitatoka. Kumbe kampuni ilikuwa inaweza kutupa hayo tangu zamani. Hawakutupa kwa sababu sisi hatukuwa tumeyaomba. Tulikuwa tumeomba kutengeneza.

Mbaruku alitaka tuandike "kuunda". Nilikataa. Kuunda ni neno pana, na nimekwisha kuumwa na neno pana. Chuma kinachoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu kina kitenzi chake, nacho ni kusubu. Kifungu cha saba sasa kinasema: "Mafundi watafundishwa kusubu mapanga ya injini." Siku ya kutia saini niliombwa niisome sentensi hiyo kwa sauti mbele ya pande zote mbili. Miaka thelathini na minne nimesomea wanafunzi kwa sauti na sijapoteza mstari. Siku hiyo niliupoteza kwenye neno "kusubu", na ilinibidi nianze tena.

Sasa nakuomba ukae chini, maana limebaki moja.

Kujifunza kusubu kunachukua miaka miwili, na nafasi si ishirini tena. Ni sita. Wale ishirini watafanya mtihani wa vitendo nyumbani, na sita bora ndio watakaokuja. Baada ya saini Mbaruku alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, bila wewe tusingekuwa na kitu. Niandike jina la binti yako kwanza, wengine watano ndio washindane." Kalamu alikuwa nayo mkononi.

Nilimwambia asiandike.

Najua utafikiri nini, na una haki. Lakini nilimuuliza mtihani ni wa nini. Akaniambia kila fundi atapewa mchanga, udongo, chuma chakavu na mchoro wa kipande kimoja, na siku tatu za kukitoa kipande hicho kikiwa kizima, bila tundu wala ufa. Kasiani, Sesilia anafanya nini kila siku nyuma ya nyumba yako? Nani anawasubia wenye mashine za kusaga magurudumu ya mikanda, mpaka watu wanatoka Kilosa kumfuata? Katika ishirini wale, kumi na tisa wamesoma jinsi chuma kinavyoyeyuka. Wangapi kimewarukia? Jina lake likiandikwa kwa hisani ya baba yake mkubwa, atakuwa huku miaka miwili akitazamwa kama mtu aliyebebwa. Akiingia kwa kipande chake mwenyewe, hakuna wa kumtazama hivyo. Huenda nimekosea. Akikosa nafasi, kosa ni langu peke yangu, na nitakuja mpaka mlangoni kwako kulikubali. Lakini sidhani kama nitakuja kwa ajili hiyo. Tayari namwona akishuka uwanja wa ndege hapa, na Veronika amekwisha kuanza kuhamisha vitu katika chumba cha nyuma, ingawa nimemkataza.

Msalimie shemeji, mama wa mtoto wetu, na umwambie anikasirikie mpaka matokeo yatoke, si zaidi. Msalimie dada yetu Skolastika, mwenye duka la vitambaa, na Mzee Kobelo fundi cherehani, ambaye najua atataka umsomee barua hii. Msomee, lakini usiruke nukta.

Pamoja na barua hii Mbaruku atakupa furushi. Ni viatu vya kazi, vyenye chuma mbele, namba thelathini na tisa. Nilivinunua mwenyewe hapa Merrylands. Wasimamizi wa mtihani hawatamruhusu mtu mwenye ndala kusogelea chuma cha moto, nami namjua mwanetu. Avivae kuanzia leo ili vilainike kabla ya siku yenyewe. Vikimzidi, avae soksi mbili.

Kaka yako,
Anselmi