Nilisema Wewe ni Mzungu

Omera Otis, ndugu yangu,

Ni mimi, Okoth. Usicheke mwandiko, unajua mimi shule niliachia darasa la sita nikaingia soko ya Kibuye. Meza yetu ya viatu bado iko, lakini sasa napiga kelele peke yangu. Wateja wanauliza yule mrefu ako wapi. Wa kwanza nilimwambia umeenda choo. Kusema ile ingine sikuweza, ndugu yangu.

Wacha nikuambie vile ilikuwa. Ile siku uliazima boti Asembo Bay upelekee wavuvi gambuti, zile buti za mpira, boti ilirudishwa na mawimbi, wewe hakuna. Nikaenda kituo. Afande hata hakuinua kichwa. "Huyo ako kwa bibi mwingine, atarudi tu." Siku tatu naenda, siku tatu uko kwa bibi mwingine. Wewe Otis, na vile ulikuwa unaogopa hata huyo mmoja!

Siku ya nne mzungu fulani akakosa kurudi hotelini saa ya lanchi. Lanchi tu! Boti ya polisi ikaja, wapiga mbizi, mkubwa wao na redio mbili. Wakampata amelala kwa nyasi, jua imemchoma ameiva kama nyanya. Ufuo mzima tulicheka. Halafu nikaona mama yako hacheki.

Wazee walishaanza kusema tuzike yago, lile tunda refu la porini tunazika kama ziwa imekataa na mwili. Mama akanishika mkono. "Okoth, mimi sikuzaa tunda."

Sasa, wavuvi walikuwa wameona kitu ndani ya magugu ya ziwa, mbali, mahali kasia haipiti. Inataka boti ya injini. Nikapigia polisi simu. Nikasema nimeona mzungu kwa magugu.

Saa moja haikuisha, Otis. Boti mbili.

Walipokutoa, afande akakuangalia, akaniangalia mimi. "Mzungu ako wapi?" Nikamwambia, "Si ndio huyo, afande. Amekaa jua sana." Kofi nilipata! Na nikalala ndani siku mbili. Lakini tulikuzika wewe mwenyewe, na ile suti ya kijivu ya mtumba ulijiwekea chini ya meza wateja wasiione. Mama sasa anapata usingizi.

Kofi ilipona. Kitu inaniuma ni kwamba ningesema ni wewe, Otieno wa viatu, hakuna mtu angewasha injini. Siku yako ya mwisho juu ya maji nilikukana. Nisamehe, omera.

Nakuandikia leo juu kuna mama wa Awasi alikuja kwa meza jana. Binti yake hajaonekana tangu Jumapili, kituo wamemwambia eti ameolewa. Amesikia mimi najua kuongea na polisi. Mimi! Kesho asubuhi nafunga meza naenda na yeye. Huyo msichana anaitwa Achieng'. Nitakaa kwa benchi yao mpaka waandike jina lake hivyo, na injini ya gari yao iwake kwa hilo jina. Wakinifungia tena, sawa. Hiyo nimekuahidi.

Pumzika, mrefu wangu.

Okoth