Mkunga Alivyomjibu Mdogo Wake

Shoga, ngoja nikusimulie! Tulikuwa ofisini kwa kikundi chetu na mkunga wetu, tunaongea kwa video na wale akina mama wa nchi jirani, tunapanga kuzuia wasichana wasivushwe mpaka kwenda kukeketwa. Mara mlango ukasukumwa kwa kishindo: mdogo wake wa kiume mkunga, anamtaka bintiye aliyefichwa kwa shangazi yake!

Eti, "Wageni wanawafundisha kudharau mila!" Wageni!

Mkunga hata hakuinuka. "Nilikeketwa nina miaka saba, kabla sijamjua mgeni hata mmoja; kisu ndicho kilichonifundisha. Binti yako yuko kwangu na hakeketwi. Ukimvusha mpaka, hawa dada zangu watakupokea."

Wale kwenye skrini wakaitikia, "Tupo!"

Jamaa akafoka, "Utanijua mimi ni nani!"

"Nakujua. Nilikubeba mgongoni."

Yaani hivyo tu! Akatoka amenywea. Mkunga akaigeukia skrini: "Haya, tuendelee."