Mguu wa Kaka

Mwenzangu, nimelia mbele ya ofisi nzima. Mbele ya bosi.

Yule shujaa wa gemu yetu nilimchora kwa mfano wa marehemu kaka, hata mguu wake mbovu. Wanaoijaribu wanalalamika kwamba anauawa upesi.

Bosi akasema, "Mponye mguu, bibie. Hapa ni vitani, si wodini."

Nikamjibu, "Ukimponya si yeye tena."

Akambadilisha mwenyewe, kwenye skrini kubwa. Kaka akakimbia. Alikimbia, mwenzangu. Sijawahi kumwona akikimbia.

Machozi yakanitoka. Nikasema, "Mrudishe."

Akamrudisha.

Sasa atachechemea vilevile, ila nauongezea nguvu mkongojo wake. Unakumbuka alivyouzungusha shuleni walipomcheka? Hakuna aliyethubutu kumsogelea.