Tarehe Iliyoandikwa kwenye Fomu

Ludara, Koboko
14 Juni 2024

Mama Patricia, rafiki yangu,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima hapo Vurra, wewe na baba watoto, na huyo Patricia ambaye kwa hesabu yangu sasa anajigeuza kifudifudi bila kuomba ruhusa. Sisi huku hatujambo. Mvua imekuja vizuri, maharagwe yametoa maua, na mbuzi wa jirani yako wa zamani wamekula nusu ya yangu. Mgongo unaniuma wakati wa palizi, lakini huo ni umri, si ugonjwa. Ningeweza kukupigia simu, ila najijua: ningesikia sauti yako nikasimulia habari za mbuzi mpaka salio liishe. Ndiyo maana nimemwomba Siraji, yule dereva wa lori la mbao, akupe barua hii mkononi.

Habari kubwa ya huku ni pampu yetu. Unakumbuka maji yalivyoanza kuwa mekundu mwezi wa tatu, chai ikawa nyeusi na mashati ya shule yakaanikwa na madoa. Unakumbuka pia kikao kile, maana ndicho kilichowaondoa. Mjomba wangu Severino, mwenyekiti wa kamati ya maji, alionyesha fomu ya matengenezo iliyosema kwamba fundi Dieumerci alitoa mabomba ya zamani yaliyoliwa na kutu, akatia sita mapya yaliyonunuliwa na kamati. Fomu hizo fundi huandikwa jina tu. Wanaosaini ni mwenyekiti na mwangalizi wa pampu, yaani mimi. Watu wakauliza, kama mapya yametiwa, kutu inatoka wapi? Wakajijibu wenyewe kwamba fundi ni mtu wa Kongo, basi mabomba yamevuka mpaka. Miaka saba mumeo alitutengenezea pampu, na kwa nusu saa tu akawa mwizi. Bado naona aibu nikiliandika neno hilo.

Mlipoondoka, mambo hayakuwa mazuri. Mkono wa pampu ulizidi kuwa mzito, wanawake wakarudi kuchota kijitoni, na watoto wakaharisha nyumba hadi nyumba. Mwezi uliopita tukaletewa mkaguzi mpya wa afya, dada mmoja anaitwa Hawah, mwembamba, mpole, na haogopi mtu. Alituambia kwamba kuanzia sasa kitabu cha maji na fomu zake zote vitasomwa kwa sauti palepale kwenye pampu, kila miezi mitatu, mbele ya wanaochota. Sisi tulizoea kuvisoma sebuleni kwa mjomba, wanakamati watano na birika la chai, kisha tunawatangazia watu kwamba kila kitu kiko sawa.

Mjomba hakupenda. Unamjua, jeshi lilimwachia kikohozi ambacho akikitoa watu wote wananyamaza. Akakohoa, akasema, "Mambo ya kamati iko ya kamati." Safari hii yule mama Shakira anayeuza mihogo akamjibu bila hata kuacha kumenya, "Na maji, nani nakunywa?" Mjomba akakaa chini. Sijawahi kumwona akikaa upesi hivyo.

Jumanne iliyopita tukakusanyika. Fundi mmoja kutoka mjini Koboko, Acidri, akavuta mabomba yote kutoka chini na kuyalaza kwenye majani. Yalikuwa yaleyale ya zamani, yametoboka, mengine unapitisha kidole. Hawah akasoma ile fomu mstari kwa mstari, taratibu kama mwalimu wa darasa la kwanza, mpaka akafika kwenye tarehe ya kazi: tarehe tisa mwezi wa pili. Akauliza nani alikuwepo hapa pampuni siku hiyo, akamwona fundi akitia mabomba.

Nikasimama. Nikasema, "Siku ile Dieumerci ilikuwa hapana hapa. Ilikuwa kwa nyumba yake, bibi yake iko nazaa. Mimi mwenyewe nilipokea ule mtoto."

Kisha nikawaeleza lile ambalo wanakamati wote tulilijua. Kila mwezi wa kwanza, kabla mjomba hajaenda kwenye shamba lake la mbali, tunasaini na kupiga muhuri fomu za mwaka mzima zikiwa tupu, ili kazi isichelewe akiwa hayupo. Tulijiona wajanja. Mjomba alipoulizwa mabomba mapya yako wapi, hakubisha tena. Alisema aliyapeleka Ajia kwa wakwe zake. Mama mkwe alifariki mwezi wa kwanza, na pampu ya pale ilikuwa imekufa, waombolezaji hawana maji ya kunawa. Yeye kama mkwe alishindwa kuingia msibani mikono mitupu. Alitaka kununua mengine mahali pake kabla hatujajua. Maji yalipobadilika rangi akachukua fomu moja kati ya zile tupu, akaandika tarehe yoyote iliyomjia. Alisema haya akitazama viatu vyake. Ndiye aliyenilea baba yangu aliposhindwa kurudi kutoka vitani, na nilimhurumia, lakini sikukaa chini.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Tarehe ile sikuiona Jumanne kwa mara ya kwanza. Mwezi wa tatu, kwenye kikao kile, mjomba alinipa fomu mkononi niithibitishe sahihi yangu. Niliisoma. Nikajua palepale kwamba ni uongo, kwa sababu tarehe tisa, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, ulikuwa umenishika mkono mpaka kucha zako zikaniachia alama, na Dieumerci alikuwa nje anachemsha maji. Nikasema sahihi ni yangu, nikarudisha fomu. Niliogopa kuulizwa kwa nini nilisaini karatasi tupu. Niliogopa kuondolewa uangalizi, nirudi kupanga foleni kama wengine. Ni hilo tu, rafiki yangu, hakuna sababu nyingine kubwa.

Dieumerci alinitazama. Na yeye alikuwa ameiona tarehe ile kwenye fomu, na siku ile nani angeisahau? Alingoja niseme, kisha akafunga mdomo wake, akachukua mfuko wake wa spana. Nadhani hakutaka kukunyang'anya rafiki ukiwa na mtoto mchanga kifuani. Kama hajakuambia mpaka leo, basi nakuambia mimi.

Kamati imevunjwa, uangalizi wamepewa wengine, na mabomba mapya yameahidiwa. Watu wanaomba fundi wao arudi. Mimi siwezi kuomba hivyo.

Wasalimie majirani, na mpakate Patricia kwa niaba yangu kama bado naruhusiwa. Mumeo simsalimii kwa karatasi. Nitakuja Vurra Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa za soko, nimwombe radhi kwa mdomo watu wakisikia, kwa kuwa nilimnyamazia watu wakisikia. Usipotaka niingie kwako, nitasimama barabarani na kusema kutoka hapo.

Ni mimi,
Paska