Meza Haina Misuli

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai wewe na mama hamjambo. Mimi afya ipo, akili ndiyo sina uhakika nayo.

Unakumbuka ulipokuja kunitembelea kazini nikakubandika kipaza sauti kwenye kigasha cha mkono, nirekodi? Nilikueleza kuwa misuli inavuma: tia vidole gumba masikioni, kunja ngumi, utausikia ule mngurumo. Basi nimepima watu kumi na mmoja, wote safi, wewe tu umenivurugia! Kuna kitu kinagonga mara tano kwa sekunde, hata ulipoulaza mkono mezani. Si nilikwambia utulie? Mkuu wangu kaniuliza mbele ya wenzangu kama napima misuli au samani. Nimechoka, baba. Sema kweli, ulikuwa unatikisa mguu?

Mwanao


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, mama yako anakusalimu, goti lake ni lile lile.

Mguu sikutikisa. Nimeshika wembe kwenye shingo za watu miaka thelathini na mbili, leo nishindwe kutulia mbele ya kidude kama kifungo? Ni hiyo meza yenu. Kifute kipande hicho ulichorekodi, utafute mkono mwingine, dunia imejaa mikono. Na habari za kugonga usiniletee tena, nina wateja.

Baba yako


4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Usikasirike kabla hujafika mwisho.

Nimeipima meza. Siku nzima kipaza sauti kiko kwenye mbao, kimya. Nikalaza mkono wangu pale pale, kimya. Ndipo nikaitoa tena barua yako. Wewe uliyekuwa ukinichapa kwa mwandiko mbaya! Herufi zimesinyaa kama punje za mtama, na kila mstari unapinda.

Nilikugombeza bure, na roho inaniuma. Umeanza lini kutetemeka? Nenda hospitali, nakuomba. Nijibu upesi.

Mwanao


11 Juni

Mwanangu,

Marahaba ya barua zote tatu ulizoandika tangu Aprili. Mwandiko huu ni wa mama yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na matusi anayaruka.

Huu mwaka wa pili. Ulipobandika kile kidude nilijua leo naumbuka. Kumbe mkuu wako akailaumu meza! Nilifurahi, nisikufiche. Nikaendelea kunyoa, mkono wa kushoto ukiushikilia wa kulia, nikiwaambia wateja ni mtindo mpya.

Mwezi uliopita nilimkata sikio fundi cherehani, yule asiyekubali kunyolewa na mwingine. Akasema si kitu, kinyozi wangu. Hajarudi. Duka nimelifunga.

Daktari kanipa vidonge, kasema vitapunguza, havitaponya. Nina hasira na mkono huu, mwanangu, wee acha tu. Chai inamwagika, vifungo ananifunga mama yako, halafu ananiambia nishukuru. Nishukuru nini? (Hapo nimeruka neno. Mama.)

Kile kipande nilichokwambia ukifute, kama bado kipo, kiache. Huyo mkuu wako mwambie meza haina misuli. Andika ni mkono wa kinyozi, na huo ndio mlio wake.

Jina chini nimeandika mwenyewe. Limenichukua asubuhi nzima, kwa hiyo ulisome polepole.

Baba yako